Kura ya Shule: Chaguzi za Bodi za Elimu London na Viunga Vyake

Bodi ya Shule ya London ilianzishwa na Sheria ya Elimu ya Msingi iliyopata idhini ya Malkia Victoria tarehe 9 Agosti 1870, na ilivunjwa tarehe 1 Mei 1904. Katika kipindi hicho wakazi wa mji mkuu wa Uingereza walipiga kura mara 11, kwa kawaida kila baada ya miaka mitatu, kuwachagua watu wa kusimamia elimu ya watoto na si jambo lingine lolote. Ubunge ulikuwa na kura yake, mitaro na taa za barabarani zilikuwa na wenyewe. Uchaguzi wa shule ulisimama peke yake, na huko ndiko yalikofanyika mambo ambayo chaguzi nyingine za Uingereza zilichelewa sana kuyaruhusu.

Kabla ya sheria hiyo, shule za watoto wa watu wa kawaida zilikuwa mikononi mwa makanisa na wafadhili. Kanisa la Anglikana lilikuwa na jumuiya yake ya shule tangu 1811, madhehebu mengine ya Kiprotestanti yalikuwa na yao, na Wakatoliki nao walikuwa na zao. Kuanzia 1833 serikali ilizisaidia kwa ruzuku. Lakini London ilikuwa ikikua kwa kasi kuliko sadaka za waumini. Sensa ya 1871 ilikuta watu zaidi ya milioni tatu, na katika mitaa ya mashariki watoto wengi walikuwa hawana nafasi darasani hata kama wazazi wao wangetaka kuwapeleka. W. E. Forster, mbunge wa Bradford aliyesimamia elimu katika serikali ya William Gladstone, hakuzing'oa shule za makanisa. Alichotaka ni kuziba mapengo. Mahali ambapo shule zilitosha, mambo yangebaki yalivyo. Zilipopungua, wakazi wangechagua bodi ya kujenga nyingine. London haikuulizwa wala kusubiriwa: sheria yenyewe iliiamuru iwe na bodi.

Msomaji wa Tanzania anaijua kamati ya shule, na wa Kenya anaijua bodi ya usimamizi. Vyombo hivyo huangalia shule moja, na fedha zao hutoka serikalini au mifukoni mwa wazazi. Bodi ya London ilikuwa na nguvu ya namna nyingine kabisa. Ilipanga bajeti yake, ikaandika hati ya madai, na mamlaka za mitaa zikalazimika kuikusanya fedha hiyo pamoja na kodi ya majengo. Diwani hakuweza kuipunguza wala waziri kuizuia, alimradi imetumika kwa jambo lililoruhusiwa na sheria. Mwenye nyumba aliyetaka bodi itumie kidogo alikuwa na njia moja tu, kuwachagua wajumbe wabahili. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa shule haukuwa mchezo tangu siku ya kwanza, na kwa sababu hiyohiyo bodi ilijipatia maadui ambao mwishowe waliizika.

Mji uligawanywa katika majimbo kumi: City, Chelsea, Finsbury, Greenwich, Hackney, Lambeth, Marylebone, Southwark, Tower Hamlets na Westminster. Viti vilikuwa 49, Marylebone ikiwa na saba na Finsbury sita, na mengine yote yakiwa na vinne au vitano. Majina hayo yasimpotoshe anayeijua London ya leo. Baadhi ya majimbo hayo yalifika mbali, hadi kwenye viunga ambavyo wakati huo vilikuwa nusu mji nusu shamba: jimbo la Lambeth lilienea hadi upande wa Wandsworth, na la Greenwich hadi Lewisham na Plumstead. Reli na tramu zilipovijaza viunga hivyo nyumba za makarani na mafundi, wajumbe waliongezwa hadi 55, na mwaka 1885 Lambeth ikakatwa vipande viwili, Mashariki na Magharibi.

Mpiga kura alikuwa mlipa kodi ya majengo. Sharti hilo moja lilifungua mlango ambao watunga sheria wengi hawakuutazama kwa makini. Mwanamke mjane au asiyeolewa, mwenye nyumba au duka kwa jina lake, alilipa kodi, kwa hiyo alipiga kura. Mke wa mtu hakuwa mlipa kodi machoni pa sheria, na mahakama ilikata shauri mwaka 1872 kwamba ndoa humwondolea mwanamke haki ya kura za mitaa. Kwa upande wa kugombea, sheria ya 1870 haikuweka kizuizi chochote, awe mke, mjane au binti. Ikatokea hali ya ajabu kidogo: mwanamke aliyeolewa aliweza kuchaguliwa kuwa mjumbe wa bodi lakini hakuweza kumpigia kura mjumbe yeyote. Kuhusu bunge, mwanamke wa Uingereza alisubiri hadi 1918 kwa kura na kwa kiti pia.

Karibu kote London upigaji kura ulifanyika kwa karatasi ya siri. Jambo hilo laweza kuonekana dogo leo, lakini mwaka 1870 Mwingereza aliyemchagua mbunge alisimama jukwaani mbele ya watu na kulitaja jina la mtu wake kwa sauti, mwajiri wake na mwenye nyumba wake wakimsikia. Sheria ya kura ya siri kwa bunge ilikuja 1872, na uchaguzi wa kwanza wa mbunge kwa karatasi ulifanyika Pontefract tarehe 15 Agosti mwaka huo. London ilikuwa imekwisha kufanya majaribio kwa ajili ya shule, na mji haukutumbukia katika fujo kama wapinzani walivyotabiri.

Lililowachanganya watu zaidi ni hesabu. Lord Frederick Cavendish aliingiza katika mswada utaratibu ambao hapa unaweza kuitwa kura za kulundika. Kila mpiga kura alipewa kura nyingi kadiri ya viti vya jimbo lake, naye aliruhusiwa kuzigawa apendavyo: moja kwa kila mgombea, mbili huku na tano kule, au zote kwa mtu mmoja. Katika karatasi aliandika tarakimu mbele ya jina. Lengo lilikuwa kulinda kundi dogo. Wakatoliki wa jimbo fulani, wakiwa sehemu ndogo tu ya wakazi, waliweza kuzilundika kura zao zote kwa mtu mmoja na kumwingiza, wakati katika uchaguzi wa kawaida wangeshindwa kila kiti.

Birmingham ndiko utaratibu huo ulikotoa funzo la kukumbukwa. Waliberali wa mji huo, waliokuwa wengi na wenye nguvu, walisimamisha wagombea 15 kwa viti 15, wakidhani watavikomba vyote. Kura zao zikatawanyika. Upande wa Kanisa ulisimamisha wagombea wanane na wote wakapita. Waliberali wakapata sita. Na kiti kilichobaki kikaenda kwa padri Mkatoliki aliyeongoza orodha nzima kwa idadi ya kura ingawa waliomchagua walikuwa wachache. Tangu hapo vyama vilijifunza kuhesabu kabla ya kuteua. Kamati za majimbo London zilikaa na orodha za walipa kodi zikipima ni watu wangapi wasimamishwe, na mtaa upi uambiwe ulundike kura kwa nani. Mgombea wa ziada aliyekataa kujitoa alihesabiwa kuwa hatari kuliko mpinzani.

Uchaguzi wa kwanza wa London ulifanyika mwishoni mwa Novemba 1870, wiki chache baada ya Seyyid Barghash kuurithi usultani wa Unguja. Jina lililotikisa mji lilikuwa la Elizabeth Garrett, daktari aliyepata leseni ya uganga mwaka 1865 baada ya kupenya kupitia chama cha wauza dawa, ambacho haraka kilibadilisha kanuni zake ili mwanamke mwingine asifuate njia hiyo. Alikuwa na zahanati ya wanawake maskini Marylebone, na wafanyakazi wa mtaa huo, ambao wake na watoto wao alikuwa akiwatibu, ndio waliomwendea kumwomba agombee. Alipata kura 47,858, nyingi kuliko mgombea yeyote katika London nzima. Wa pili katika jimbo hilo, mwanasayansi Thomas Huxley, rafiki na mtetezi wa Charles Darwin, alikuwa na kura 13,000 na ushei. Kwa kuwa kila mtu wa Marylebone alikuwa na kura saba, ushindi wa Garrett ungeweza kutoka kwa watu wasiofika 7,000 waliolundika zote kwake, au kutoka kwa umati mkubwa zaidi uliompa moja moja. Yaelekea palikuwa na mchanganyiko wa yote mawili. Vyovyote vile, hoja kwamba wapiga kura hawangemtaka mwanamke haikuweza kusemwa tena bila kicheko.

Katika jimbo la Greenwich alipita Emily Davies, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa ameanzisha chuo cha wanawake kilichokuja kuitwa Girton. Maria Grey alikosa kidogo tu Chelsea. Miongoni mwa wanaume, Finsbury ilimchagua Benjamin Lucraft, fundi wa samani. Alikuwa mfanyakazi pekee katika bodi ya kwanza iliyojaa mawakili, mapadri, wafanyabiashara na watu wa ukoo bora, naye alidumu kwenye kiti chake kwa miaka 20. Wajumbe walikutana kwa mara ya kwanza ukumbi wa Guildhall tarehe 15 Desemba 1870 na kumchagua Lord Lawrence, aliyekuwa ametoka kuitawala India kwa niaba ya Malkia, kuwa mwenyekiti. Kwamba mtu wa hadhi hiyo aliona inafaa kuongoza bodi ya shule za msingi kunaonyesha jinsi kazi yenyewe ilivyochukuliwa kwa uzito.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa dini, nao haukuisha. Sheria ilikataza shule za bodi kufundisha katekisimu au fundisho la dhehebu fulani, na ilimpa mzazi haki ya kumtoa mtoto wake katika kipindi cha dini. Haikusema kama Biblia isomwe au isisomwe. Mapema 1871 mjumbe wa Westminster, W. H. Smith, yule muuza vitabu na magazeti wa vituo vya reli, alileta azimio kwamba Biblia isomwe na ielezwe kwa kadiri ya uwezo wa watoto, bila kumvuta yeyote kwenye dhehebu. Likapita kwa kura nyingi. Huxley mwenyewe, asiyekuwa mtu wa kanisa, aliliunga mkono kwa kuwa aliiona Biblia kuwa hazina ya lugha na maadili. Suluhu hiyo ilituliza mambo kwa takriban miaka 20.

Kisha ikaja kazi ya kujenga. Mwaka 1871 bodi ilimwajiri mbunifu majengo E. R. Robson, na shule mpya ya kwanza ilifunguliwa Old Castle Street, Whitechapel, mwaka 1873. Kwa kuwa viwanja vilikuwa finyu na ghali, Robson alijenga kwenda juu: watoto wadogo chini, wasichana ghorofa ya kati, wavulana juu yao, katika majengo ya matofali yenye madirisha makubwa yaliyozipita kimo nyumba zote za jirani. Hadi bodi inavunjwa zilikuwa zimejengwa zaidi ya shule 400. Nyingi zingali zimesimama. Baadhi bado zina wanafunzi, na nyingine zimegeuzwa makazi ya watu wenye fedha, jambo ambalo lingemshangaza mjumbe wa 1873. Bodi pia ilitunga kanuni ya kulazimisha mahudhurio kwa watoto wa miaka 5 hadi 13, karibu miaka kumi kabla ya taifa zima kufanya hivyo mwaka 1880, na ikaajiri maafisa wa kupita nyumba kwa nyumba. Maafisa hao walizijua familia za mitaa ya maskini kuliko mtu mwingine yeyote, hata Charles Booth alipoanza utafiti wake mkubwa wa umaskini wa London mwaka 1886 aliwategemea wao kwa taarifa.

Familia zenyewe hazikuwapenda daima. Mtoto wa miaka kumi aliyebeba mizigo sokoni au kulea wadogo zake alikuwa sehemu ya riziki ya nyumba. Kumpeleka shule kulimaanisha kukosa ujira wake na kulipa ada ya peni kadhaa kwa wiki juu yake. Ada iliondolewa katika shule nyingi kwa sheria ya 1891. Kabla ya hapo kila uchaguzi ulikuwa na mgombea aliyewaahidi wazazi nafuu, na mwingine aliyewaahidi walipa kodi kwamba nafuu hiyo haitatoka mifukoni mwao.

Hapo ndipo ulipokuwa mstari halisi wa vita. Forster alikuwa amelihakikishia bunge kwamba gharama ya bodi haingezidi peni tatu kwa kila pauni ya thamani ya pango. Pauni wakati huo ilikuwa na shilingi 20, na shilingi peni 12. Kadiri shule zilivyoongezeka, kodi ilipanda hadi kukaribia shilingi nzima. Mwenye duka wa Hackney au karani wa Brixton aliyekuwa akisomesha watoto wake shule ya kulipia alijiona anasomesha na wa jirani pia. Kwa hiyo bodi iligawanyika pande mbili zilizokuja kuitwa Wapenda Maendeleo na Wenye Kiasi. Wa kwanza walitaka madarasa zaidi, walimu waliosomea kazi, maabara na mabwawa ya kuogelea. Wa pili waliunganisha watetezi wa shule za Kanisa na watu wa kubana matumizi. Muungano huo haukuwa wa bahati nasibu, kwani kila shule mpya ya bodi iliikaribia shule ya parokia na kuichukulia wanafunzi.

Wenye Kiasi walishinda mwaka 1885 na kumweka kitini mchungaji Joseph Diggle, aliyekaa miaka tisa. Mijadala ya zama zake ilishuka hadi kwenye vitu vidogo vidogo, kama vile ikiwa piano katika ukumbi wa shule ya watoto maskini ni chombo cha kufundishia au ni anasa. Hoja ya piano ilikuwa rahisi kueleza kwenye mkutano wa hadhara kuliko hoja ya mishahara au riba ya mikopo, na pengine ndiyo sababu ilivuma.

Wanawake waliofuata nyayo za Garrett na Davies hawakuwa pambo. Katika uhai wote wa bodi walichaguliwa 29, na baadhi yao walikuwa mwiba. Helen Taylor, binti wa kambo wa mwanafalsafa John Stuart Mill, alichaguliwa Southwark mwaka 1876 na kutetea elimu ya bure na chakula kwa watoto wenye njaa. Yeye na Elizabeth Surr wa Finsbury walifichua hali ya shule ya maadilisho ya St Paul's huko mashariki ya London, ambako wavulana watoro waliopelekwa na bodi walikuwa wakinyimwa chakula na mavazi ya kutosha na kuadhibiwa kikatili. Mwenyekiti wa kamati iliyohusika na shule za namna hiyo, Thomas Scrutton, alikuwa pia mmoja wa wasimamizi wa shule yenyewe. Alimshtaki Taylor kwa kashfa mwaka 1882, na shauri likamalizwa kwa maafikiano, Taylor akilipa pauni 1,000. Shule ikafungwa. Wajumbe wengi walimwona Taylor kuwa mgomvi asiyejua adabu za mikutano. Ni vigumu kuona njia ya adabu ambayo ingewatoa watoto wale mahali pale.

Mwaka 1888 aliingia Annie Besant. Majira ya joto ya mwaka huo alikuwa ameandika habari za wasichana wa kiwanda cha viberiti huko Bow na kuwasaidia katika mgomo wao mashuhuri. Novemba aliongoza katika jimbo la Tower Hamlets kwa kura zaidi ya 15,000, huku Hackney ikimchagua mchungaji msoshalisti Stewart Headlam. Bodi ilikuwa bado chini ya Diggle, lakini wawili hao walijua kutumia kiti cha upinzani. Mwaka 1889 bodi ilikubali kwamba mikataba yake ya ujenzi na uchapaji ipewe makampuni yanayolipa ujira wa haki, ikiwa miongoni mwa vyombo vya kwanza vya umma Uingereza kuweka sharti hilo. Besant alipigania pia chakula cha shuleni. Sheria ya kuruhusu mamlaka za elimu kulisha watoto ilipitishwa 1906, yeye akiwa amekwisha hamia India.

Dini ilirudi kwa kishindo mwanzoni mwa miaka ya 1890. Upande wa Kanisa katika bodi, ukiongozwa na Athelstan Riley, ulitaka walimu waelekezwe kufundisha wazi fundisho la Utatu na uungu wa Kristo. Waraka wa 1894 uliwafikia walimu, na maelfu kati yao wakapinga, wengine wakiomba waondolewe katika somo la Biblia kuliko kupimwa imani. Uchaguzi wa Novemba mwaka huo ulipiganwa karibu wote juu ya waraka huo. Wenye Kiasi walibaki na wingi mdogo, lakini Diggle akapoteza uenyekiti, na mwaka 1897 Wapenda Maendeleo wakashinda. Walimu nao walikuwa wamejifunza: chama chao kilianza kuwaingiza watu wake bodini, akiwamo Thomas Macnamara, aliyekuja kuwa mbunge na waziri.

Nje ya mpaka wa Bodi ya London mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Viunga vya Essex na Middlesex, ambavyo leo ni London kwa kila hali, wakati huo vilikuwa parokia zinazojitegemea, kila moja ikiamua kama inahitaji bodi. Bodi ya kiunga ilikuwa na wajumbe kati ya 5 na 15. West Ham, yenye gati na viwanda vya kemikali vilivyokimbia masharti ya London, ilipata bodi mwaka 1871, na haikupumzika kujenga: kufikia 1901 ilikuwa na watu 267,000. Tottenham ilifuata 1879, Walthamstow 1880 na Willesden 1882. Kuchelewa huko hakukuwa uzembe. Mapadri na wenye mali wa viunga walichanga fedha kwa bidii ili nafasi za shule za Kanisa zitoshe na serikali isiwe na sababu ya kuamuru bodi, kwa kuwa mchango wa hiari, hata ukiwa mkubwa, ulikuwa na mwisho wake na kodi haikuwa nao. Mbinu ilifanya kazi mahali palipokua polepole. Treni za nauli nafuu za wafanyakazi zilipoanza kumwaga familia changa kaskazini na mashariki ya mji, hakuna harambee iliyoweza kwenda nazo sambamba.

Katika vitongoji hivyo uchaguzi wa bodi ulikuwa wa watu wanaofahamiana. Wagombea walikuwa kasisi, mchungaji wa Kimethodisti, daktari, mwenye duka la mboga, na baadaye katibu wa chama cha wafanyakazi. Mara nyingi pande zilipatana kabla ya siku ya kura, zikagawana viti na kuokoa gharama ya uchaguzi, na wakazi wakaiona orodha ya washindi bila kuwa wamegusa karatasi. Hata palipokuwa na kura, waliojitokeza walikuwa wachache kuliko waliostahili. Bodi hizo hazina wajumbe mashuhuri wa kusimulia, lakini ndizo zilizowazoesha vibarua wa gati na mafundi wa reli kukaa mezani na kupitisha bajeti.

Kilichoiua Bodi ya London kilikuwa mafanikio yake yenyewe. Sheria ilisema elimu ya msingi, bila kueleza vizuri inaishia wapi. Bodi ilifungua madarasa ya juu, masomo ya sayansi na sanaa, na shule za jioni za watu wazima, na kuyalipia yote kwa kodi ya majengo. Mwaka 1899 mkaguzi wa hesabu wa serikali, T. B. Cockerton, alikataa matumizi hayo na kudai wajumbe wayalipe. Mahakama ilimuunga mkono, na mwaka 1901 Mahakama ya Rufaa ikathibitisha. Hukumu hiyo iliifaa sana serikali ya Wahafidhina, iliyotaka kuziokoa shule za Kanisa zilizokuwa zikizama kwa ukata. Sheria ya 1902 ilizifuta bodi za shule nje ya London, zaidi ya 2,500, na kuyakabidhi mabaraza ya kaunti na miji elimu yote, pamoja na wajibu wa kuzisaidia shule za makanisa kwa kodi. London ilipata sheria yake mwaka 1903, na Baraza la Kaunti ya London likachukua kazi Mei 1904. Mchungaji Mbaptisti John Clifford wa Paddington aliongoza maelfu ya watu kukataa kulipa sehemu ya kodi iliyoendea shule hizo. Vyombo vyao vya nyumbani vilikamatwa na kupigwa mnada, na baadhi yao walifungwa.

Wanawake walipoteza zaidi. Mahakama zilikuwa zimeamua tangu 1889 kwamba mwanamke hawezi kuwa diwani wa baraza la kaunti, kwa hiyo siku bodi ilipovunjwa hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyeweza kuchaguliwa kusimamia shule za London. Walibaki kuteuliwa katika kamati ya elimu, kwa hisani ya wanaume waliochaguliwa. Kizuizi kiliondolewa 1907, na mwaka 1910 Susan Lawrence na Henrietta Adler wakaingia katika Baraza la Kaunti kwa kura. Lawrence alikuwa mjumbe wa bodi ya mwisho ya shule, tangu 1900.

Kwa miaka zaidi ya 80 baada ya hapo hakuna mkazi wa London aliyepiga kura ya elimu peke yake. Mji ulipopangwa upya mwaka 1965, manispaa za viunga zilipewa shule zao, na eneo la ndani, karibu lilelile la bodi ya zamani, likawekwa chini ya Mamlaka ya Elimu ya London ya Ndani, iliyoundwa na madiwani. Serikali ya Margaret Thatcher ilipolivunja Baraza la London Kubwa mwaka 1986 mamlaka hiyo ilibaki bila mzazi, ikabidi ichaguliwe moja kwa moja. Tarehe 8 Mei 1986 wapiga kura walijaza viti 58, viwili kwa kila jimbo la ubunge, na chama cha Labour kikapata 45. Mamlaka hiyo ilikuwa na haki ya kudai fedha kutoka kodi ya majengo kama bodi ya 1870, ingawa chini ya ukomo wa serikali, na lawama zilikuwa zilezile za ubadhirifu. Uchaguzi wa pili haukufanyika. Sheria ya 1988 iliifuta mamlaka hiyo kuanzia Aprili 1990, na shule zikaenda kwa manispaa.

Kura ya shule iliyobaki London ni ndogo. Sheria za miaka ya 1980 ziliweka wawakilishi wa wazazi katika baraza la uongozi la kila shule, wanaochaguliwa na wazazi kwa karatasi ya siri, mara nyingi kwa kipindi cha miaka minne. Karatasi hufungashwa katika begi la mtoto au hutumwa kwa simu, pamoja na maelezo mafupi ya kila mgombea. Sifa ya kupiga kura na kugombea ni kuwa na mtoto shuleni hapo; uraia hauulizwi, kwa hiyo mama kutoka Kinshasa anayeishi Barking, asiye na haki ya kumchagua mbunge, ana kura sawa na jirani yake aliyezaliwa hapo. Baraza hilo humwajiri mwalimu mkuu na kupitisha bajeti ya fedha zinazotoka serikalini. Kodi haliwezi kuidai, na nafasi nyingi hujazwa bila kura kwa sababu mgombea ni mmoja.